Filme ya Jumamosi Ilivunja Furu Yetu

Miye sikusomaka sana. Kule Kilwa, ng'ambo ya ziwa, nilifika darasa ya tatu, kisha baba akanipa kasia, shule ikaisha. Lakini hata mutu wa darasa ya tatu anajua kama mutu mwenye kufa haamukake kukunywa kahawa. Televizyo ya Mwaba njo ilituletea mambo ya vile, hapa Kashikishi, upande huu wa ziwa, na mpaka leo nikikumbuka kichwa inaniuma.

Mwaba alikuwa na baa. Mu baa kulikuwa televizyo, na inje kulikuwa grupe, ile mashini ya kutoa umeme, yenye kulia sawa vile muzee mwenye kikohozi. Kila Jumamosi saa kumi ya mchana kulipitaka filme moja ya vipande-vipande, ya inchi za mbali. Na ile filme ilikuwa juu ya batu benye kutengeneza filme. Unaona taabu yenyewe? Filme ndani ya filme. Kulikuwa mwanamuke mukubwa, jina yake Perla, yee njo alikuwa jina kubwa mu ile kampani miaka na miaka. Kisha akakuya binti moja, Yolanda, na mufuko moja tu mukononi, na patron wa kampani, mwenye ndevu, akaanza kumupa binti nafasi za Perla. Ee, balichukiana bale! Mbele ya kamera banakumbatiana, nyuma ya pazia moja anawekea mwenzake pilipili mu poda ya uso.

Bon. Batu ba hapa habasikie Kingereza cha vile. Rafiki yangu Watson, tunamuita Bashi Katongo juu ya mutoto wake wa kwanza, alifanyaka kazi mu depo ya mugodi kule Luanshya, yee Kingereza anakijua. Basi yee alikuwa anatoa Kingereza anaweka mu Kibemba, na miye nachukua Kibemba yake naweka mu Kiswahili, juu ya bale banunuzi ba samaki benye kutoka ng'ambo. Tulikaaka moja kushoto, moja kuliya ya televizyo, sawa mashemasi bawili. Na ziwa ilikuwa imefungwa, tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali haitake mutu atege samaki, wazae kwanza. Batu hawana kazi. Baa ilijaa mpaka ku madirisha.

Sasa sikia vile miye nilikosa. Sitaficha.

Ile Jumamosi ya kwanza ya Februari, Yolanda anakunywa kikombe, anashika shingo, anaanguka, pepe! Povu mu kinywa. Natazama Watson aseme. Watson ameinua kopo ya munkoyo, anakunywa, anakunywa, koo inapanda inashuka, hamalize. Batu ba ng'ambo bote bananiangalia miye. Zéphirin, muuza kitenge wa Pweto, mwenye mudomo sawa filimbi, anasema, "Nkambo Ilunga, babu yetu, umelala? Binti anafanya nini?"

Nikaona haya kunyamaza. Nikasema, "Amekufa. Perla amemuwekea sumu."

Pale pale Watson akapangusa mudomo, akasema mu Kibemba kama banaigiza tu, ni filme ile ya ndani, ataamuka. Na pale pale grupe ya Mwaba ikakohoa mara mbili ikazima. Giza mu kioo. Njo vile nusu ya batu balitoka mu baa banasikitika, nusu banatoka banacheka, na kila mutu alisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Bibi yangu Ngalula, mwenye nilimuoa, mama ya mutoto wetu Didier, alikuwa ku upande wa kusikitika. Yee alimupenda sana Yolanda. Machozi yalikuwa mu macho, kweli. Na pale inje akakutana na Rosaria, bibi ya Watson, Bana Katongo, mwenye kupenda Perla, anacheka mpaka anashika ukuta.

"Bana Katongo, mutu amekufa na unacheka?"

"Nani amekufa, mama Didier? Banacheza bale! Ninyi ba ng'ambo munalia hata ku picha?"

"Ni Perla wako amemuua. Muchawi muzee, uso umejaa poda, haone hata kama wakati wake umepita."

"Na Yolanda wako? Anakuya na mufuko moja, kesho amekaa mu kiti ya mwenyewe. Ninyi bote njo vile muko. Munavuka na mufuko moja, tunawapa nafasi, kesho inchi ni yenu."

Ah. Ile neno. Miye nilisimama pale, niliisikia, na Watson aliisikia, na hata mashini yenye kuzimika iliisikia. Ngalula alifunga kitenge yake muzuri-muzuri, akaenda ku nyumba. Siku makumi mbili tangu pale hakutaja jina ya Rosaria. Akitaka kumusema anasema "ule".

Sasa lazima ujue kazi yetu, usiseme ni mambo ya banamuke tu. Furu ya kukausha samaki iko mu kiwanja yangu, nilijenga miye na mikono hii, matofali mia mbili na kumi. Lakini waya ya juu, ile yenye kubeba samaki, ni ya Rosaria, Watson aliileta kutoka Luanshya. Bavuvi ba Kafutuma ni bandugu ya Rosaria, banampa samaki yee kwanza. Banunuzi ba ng'ambo ni batu ba Ngalula, banamuamini yee, anasema luga yao, habatafute mwingine. Moja anaingiza, moja anatoa. Furu bila waya, samaki inaanguka mu moto. Waya bila furu ni uzio wa kuku.

Na njo vile alifanya! Asubui ya kesho yake Rosaria alikuya, hakusalimia, akaviringisha waya, akaiweka ku kichwa, akaenda kufungia kuku.

Nikamuambia Ngalula, "Mama, ziwa inafunguliwa tarehe moja ya Machi. Tutakausha samaki ku nini, ku kofia yangu?"

"Enda uombe Perla."

"Perla haiko! Ni mutu wa televizyo!"

"Aliyesema ile neno alikuwa mu televizyo?"

Niliona haya kumuambia kama ile kifo niliitunga miye. Nikatoka inje nikakaa juu ya furu yangu ya bure.

Watson naye ku nyumba yake ilikuwa vile vile. Tukakutana ku soko, banaume bawili benye njaa. Rosaria alikuwa anampikia bukari bila mboga, anamuambia mboga iko ku Ngalula. Tukaanza kwanza kugombana sisi bawili, maana kila mutu aliona ni kosa ya mwenzake.

"Weye ulisema amekufa. Nani alikuambia?"

"Weye ulikuwa unakunywa! Mutafsiri anakunywa munkoyo wakati mutu anakufa?"

"Hakukufa, Bashi Didier!"

"Miye nitajua namna gani? Povu ilitoka!"

Jumamosi mbili zikapita bila filme, maana Mwaba alikwenda Mwansabombwe kutafuta kipande ya grupe, na Mwaba akienda Mwansabombwe ana bashemeji kule, harudi mbio. Alirudi tarehe makumi mbili na sita, Ijumaa. Ziwa inafunguliwa Jumatatu. Watson akakuya mbio ku kwangu.

"Kesho filme iko. Banamuke bote batakuya, kila moja anataka aone mwenzake ameshindwa. Sikia. Kesho sisi njo tutapatanisha Perla na Yolanda."

"Tutabapatanisha namna gani?"

"Nani anasikia Kingereza mu ile baa? Miye. Nikisema Perla anaomba samahani, anaomba samahani. Weye unafuata tu. Na usijaze kitu ya kichwa yako!"

Nilikubali. Niko muzee, lakini nilikubali.

Jumamosi baa ilijaa kupita siku zote. Rosaria ku benchi ya mbele upande wa Watson, Ngalula ku benchi ya mbele upande wangu, na katikati yao nafasi ya batu batatu, na hakuna mutu aliyetaka kuikaa. Grupe ikalia. Picha ikakuya, na madoa mingi sawa muchele mu kioo, lakini unaona.

Kitu ya kwanza: Yolanda. Muzima. Amekaa, anakunywa kahawa, anacheka na patron mwenye ndevu.

"Nilisemaka!" Rosaria akapiga makofi. "Nilisemaka banacheza!"

Nikaona shingo ya bibi yangu inakuwa ngumu sawa muti. Nikaangalia Watson: fanya mbio! Na Mungu akatusaidia, Perla akaingia mu picha, polepole, kofia kubwa, akasimama mbele ya binti akaanza kusema.

Watson akasafisha koo. Akasema mu Kibemba, na sauti ya mutu wa kanisa: "Mwanangu, nilikukosea. Nilisema neno mubaya juu ya kwenu, kwenye ulitokea. Ile neno inanikula roho."

Miye nikaweka mu Kiswahili, na nikaiweka muzuri kabisa. Niliona Rosaria anaangalia vidole vyake. Yolanda naye akajibu mu picha, na Watson akamusemea: "Mama, miye pia nilikutukana, juu ya uzee yako." Ngalula akageuka kidogo, kidogo tu, akaangalia ile nafasi ya batu batatu. Nikasema mu roho, inatosha sasa, Mwaba azime mashini!

Perla akainua mukono. Paa! Kofi ku uso ya binti, kichwa inageuka.

Watson mudomo wazi. Batu bananiangalia.

"Anamushukuru," nikasema.

Zéphirin akasimama nyuma. "Nkambo, kwao banashukuru na kofi? Basi miye niko na batu mingi ba kushukuru hapa!"

Baa ikapasuka. Na Yolanda, mutoto ule hana adabu, akashika nywele ya Perla akavuta, na nywele yote ikatoka, kumbe haikuwa yake, Perla kichwa wazi sawa yai, anapiga kelele.

"Anamusaidia," Watson akasema, na jasho inamushuka. "Juu ya joto."

Rosaria akasimama. Ni mwanamuke mufupi, lakini pale alijaza baa. "Bashi Katongo. Rudia ile ya samahani. Sema na Kingereza yake, vile alisema."

Watson akaangalia grupe, akaangalia miye, akaangalia Mungu.

Na pale sauti ikatoka ku upande wangu. "Bana Katongo, muulize pia ile siku ya sumu." Ngalula. Alikuwa anamusemesha Rosaria, kwa jina, kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Lakini macho ilikuwa kwangu. "Baba Didier. Ile siku ulisema amekufa. Watson alisema vile?"

Nitadanganya bibi ya ndoa ya miaka makumi tatu na minane mbele ya batu? "Watson alikuwa anakunywa," nikasema.

"Na weye?"

"Miye niliona povu."

Nilifikiri watatupiga. Afazali bangetupiga. Bale banamuke baliangaliana, kisha Rosaria akatoka inje, na Ngalula akatoka nyuma yake, na hakuna mutu aliangalia televizyo tena. Miye na Watson tukafuata, tukasimama nyuma ya ukuta wa baa sawa bezi ba kuku.

Rosaria akasema, na haikuwa sauti yake ya siku zote. "Ya sumu, ni hawa bazee bapumbavu. Lakini ile neno ya mufuko, mama Didier, haikutoka ku televizyo. Niliitoa miye."

"Najua."

"Mama yangu pia alitoka ng'ambo. Kule Puta alifika na mutoto mugongoni, hata mufuko hakukuwa nao. Na nikasema vile."

Ngalula akafungua kitenge yake, akaifunga tena. "Iliniuma," akasema. "Mpaka leo inauma. Sitasema imeisha."

"Usiseme."

"Ile waya yako ingali?"

"Imejaa mavi ya kuku."

"Iko banaume bawili nyuma ya ule ukuta habana kazi," Ngalula akasema. "Batasugua."

Tulisugua. Jumapili yote, kanisa tuliisikia kwa mbali, tunasugua na muchanga ya ziwa na majivu, Watson upande huu, miye upande ule, mavi ya siku makumi mbili. Jumatatu bavuvi ba Kafutuma balileta samaki, furu ikawaka, na bale bawili balikuwa juu yake, hawaseme mingi, moja anapanga, moja anageuza. Ngalula alikuwa bado anaita "Bana Katongo" na sauti ya baridi kidogo. Inaenda polepole. Najua bibi yangu.

Lakini filme! Unafikiri baliacha filme? Mwaba alitutoa miye na Watson ku kazi, akasema batu bameomba. Sasa Jumamosi Rosaria njo anakaa kushoto, Ngalula kuliya. Habajue Kingereza hata neno moja, bote bawili! Rosaria anasema Perla ameonewa, Ngalula anasema hapana, Yolanda njo ameonewa, banabishana mbele ya batu mpaka mwisho, na baa imejaa mpaka ku barabara.

Na samaki haijue kama leo ni Jumamosi, mutu lazima alinde moto. Saa kumi ikipiga, njo miye na Watson tuko ku furu, moshi mu macho, tunasikia batu banacheka kule.

"Unafikiri Perla amefanya nini leo?" namuuliza.

"Nitajua namna gani? Geuza ile, inaungua."

"Weye geuza. Miye niligeuza ya mwisho."

"Haukugeuza, Bashi Didier."

"Niligeuza! Ulikuwa unakunywa!"