Siku ya Tatu Homa Bay

Akina mama wa kanisa letu la Migori tulichanga mwaka mzima ili Mama Robi, mjane anayelimia watu kwa kibarua, apumzike siku tatu Homa Bay pamoja na wanawe. Mimi, Orpah, ndiye niliyewasindikiza. Siku mbili alikaa ukingoni mwa kiti, akila kidogo, akikumbatia fuko zito ambalo hakutaka mtu aliguse. Lilinikera.

Asubuhi ya tatu watoto walikuwa wamelala, lakini mama yao hayupo, wala fuko. Nilikimbia ziwani bila viatu, nikimwita, nikiogopa hata kuyatazama maji. Wavuvi walisema hawajamwona.

Nilirudi kwenye hosteli tuliyofikia. Nyuma ya jiko nikamkuta ameinama, jasho likimtiririka, nusu ya sukumawiki imeshapaliliwa.

"Mama Robi! Unataka kuniua?" nilifoka. "Nani amekutuma kulima?"

"Mgeni ni siku mbili, dada. Leo ni ya tatu."

"Na hilo jembe, ni nani huyo aliyekupa? Nitamwonyesha leo!"

Akainua uso, akanishangaa.

"Nilikuja nalo kutoka nyumbani."