Maiki ya Mama Mkubwa

Duka la shemeji lilikuwa jembamba kama ushoroba, na maiki zilining'inia ukutani kuanzia mlangoni hadi kwenye kaunta. Ijumaa hiyo binti waliyemwita Masikio aliingia na rekoda yake ya mkononi ndani ya mkoba, akasalimia kwa kidevu, akaanza kuzikagua moja moja bila kuzigusa.

"Usizikodolee macho hivyo, shemeji," alisema mwenye duka, ambaye tangu amwoe dada wa Masikio hajawahi kumpa nafasi ya kupumua. "Zitaona haya."

"Zilishazoea. Zinalala na wewe humu."

"Haya, sema. Unarekodi nini? Sabuni au msiba?"

Kazi ya Masikio ilikuwa hiyo kweli: kurekodi matangazo ya sabuni na ya misiba katika studio ndogo mjini. Lakini safari hii hakucheka. Alimweleza shemeji mambo yalivyo. Jumatatu Mama mkubwa, dada wa mama yake na ndiye aliyemlea, alikuwa anakwenda kupasuliwa koo. Daktari hakuzungusha maneno: uvimbe umekaa pabaya, kisanduku cha sauti kinatolewa chote. Atapona, atakula, atatembea, ila sauti ile haitarudi. Familia nzima ikamgeukia Masikio. Wewe si ndiye mwenye kazi hiyo? Inase basi, kabla haijaondoka.

Maiki ya studio ilikuwa imefungwa mezani kwa skrubu, na bosi wake hakuwa mtu wa kuazimisha hata kalamu. Rekoda nayo ilikuwa na vimaiki vyake puani, vya kujisaidia tu. Ukiishika vibaya vinanasa kidole chako kuliko maneno.

Shemeji aliacha utani kidogo. "Nyumba yao si ile iliyopakana na wachomeleaji wa mageti?"

"Ndiyo hiyo. Wanagonga vyuma kuanzia asubuhi."

"Basi ni hii." Akashusha maiki ndefu, nyembamba kama mwiko wa ugali wa shughuli. "Hii inasikia inakotazama tu. Mlenge mtu mdomoni, mafundi wa pembeni watabaki kwao."

Masikio aliichomeka, akavaa hedifoni, akaielekeza kwa shemeji. Sauti ikaja safi, hadi mate yanavyomezwa. Akaigeuzia barabarani, shemeji akafifia. Hapo roho ikatulia.

"Nakuazima mpaka Jumatatu," alisema shemeji. "Ukiirudisha na mkwaruzo, dada yako anahamia kwenu na masufuria yake."

Jumamosi asubuhi alipofika, Baba mkubwa, mume wa Mama mkubwa, alimdaka uani kabla hajagonga mlango. Alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kama anayang'oa misumari.

"Sikiliza, mwanangu. Usininasie ile sauti yake ya kituo cha mabasi. Ile kila mtu anayo kichwani, hata wapagazi. Mimi nataka ile ya humu ndani. Ya kuniitia."

"Nimekuelewa, Baba mkubwa."

Alidhani ameelewa.

Mama mkubwa alikuwa ameshaoga, amevaa gauni la kutokea, amekaa kwenye kiti sebuleni kama anasubiri picha ya pasipoti. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtangazaji wa kituo kikuu cha mabasi. Sauti yake ndiyo iliyowaamsha abiria waliosinzia juu ya mizigo yao na kuwatia madereva wachelewaji jasho. Sasa ilikuwa na mkwaruzo chini yake, lakini ilisimama.

Masikio aliiweka maiki ndefu kwenye kistendi, akailenga mdomoni, akasema, "Haya Mama, ongea tu. Kawaida."

Mama mkubwa aliitazama ile maiki. Mabega yakapanda, kidevu kikainuka, shingo ikanyooka.

"Abiria wapendwa," alisema, kila neno limepigwa pasi, "mnaombwa kuwa waangalifu na mizigo yenu."

"Mama! Hakuna abiria hapa."

"Aa, samahani." Akakohoa kidogo, akajiweka sawa. "Mimi ni mama mkubwa wa huyu binti. Nazungumza nanyi nikiwa nyumbani kwangu. Hali ya hewa ni nzuri."

Kutoka mlangoni Baba mkubwa aliguna. Masikio aliuma mdomo ili asiangue kicheko, kisha akakumbuka ni siku gani, hamu ya kucheka ikamwisha. Akabadilisha. Alichomoa ile ndefu, akachomeka maiki fupi ya kichwa cha duara aliyoazima pia kwa shemeji kwa dharura. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mama mkubwa aliinyakua mkononi, akaipuliza, fuu, fuu, akaigonga kwa ukucha, akatangaza kwamba basi la kwanza limejaa.

"Mama, ongea kama unavyoongea na Baba mkubwa."

"Si ndivyo ninavyoongea naye?"

"Hujawahi kuniita abiria mpendwa hata mara moja," alisema Baba mkubwa.

"Kwa sababu hujawahi kuwahi popote!"

Hilo lilikuwa lenyewe! Lilitoka bila pasi, lina chumvi na kicheko pembeni. Ila wakati huo alikuwa amemgeukia mumewe na maiki imelala mapajani, imenasa gauni tu. Masikio alipomwomba arudie, mabega yalipanda tena. Kufikia karibu na mchana sauti ilianza kukatika katikati ya maneno. Daktari alikuwa amemkataza kujilazimisha.

"Tupumzike," alisema Masikio, akaanza kukusanya nyaya.

"Nimekuangusha, mwanangu?" Mama mkubwa alinong'ona.

"Wewe? Mimi ndiye niliyekuletea kazi nyumbani."

Alirudi dukani akijilaumu njia nzima. Alikuwa amechagua maiki kwa ajili ya wachomeleaji. Alipima kelele, akapima upande, akapima hadi mate ya shemeji, lakini yule mtu atakayekaa mbele yake hakumpima. Ukimwekea Mama mkubwa kitu chochote chenye umbo la maiki, umemrudisha kituoni.

"Nipe ile ndogo ya kubana kwenye nguo," alisema.

Shemeji alimtazama kama mtu aliyeomba chumvi ya kutia kwenye chai. "Hiyo ya wahubiri? Hiyo inasikia pande zote, shemeji. Itanasa vyuma, itanasa kitambaa, itanasa jirani akipiga chafya."

"Najua."

"Wewe unayejua? Wewe uliyemfanya bwana harusi arudie kiapo kwa sababu nzi alipita?"

"Nzi alipita karibu mno."

"Na nyundo za kesho?"

"Nyundo ziache. Mama mkubwa ameongea nazo zikigonga miaka yote. Bila maiki hii nitakuwa na ukimya msafi wenye mtangazaji ndani yake."

Shemeji akamfungashia, pamoja na sponji ya akiba ya kuivisha.

Jumapili sauti ilikuwa imepata nguvu kidogo. Wachomeleaji nao walikuwa wamepata kazi ya haraka, wakaanza mapema kuliko siku zote. Masikio alibana kidude kile kwenye kola ya gauni la nyumbani, si lile la kutokea, akapitisha waya ndani, akaitia rekoda kwenye mfuko wa aproni.

"Iko hapa, Mama, inanasa. Wewe fanya kazi zako. Ukichoka, nyamaza."

Mwanzoni Mama mkubwa aliinamisha kichwa akaongea na kifua chake mwenyewe, taratibu, kama anayembembeleza kuku. Masikio hakumsahihisha. Alimwambia Baba mkubwa, kwa sauti ya chini, aanze kupanga begi la hospitali.

Baba mkubwa alikunja gauni la kulalia kama ngozi ya kiatu, akalisukuma ndani kwa ngumi.

"We mzee! Hilo ni gauni au soli?"

"Limeingia, halijaingia?"

"Limeingia likiwa limevunjika mbavu. Lete hapa. Na hiyo dawa ya meno inaenda na nani, ikiwa wazi hivyo? Njoo uone. Njoo, nakwambia, siwezi kupiga kelele."

Alikuja, akasimama karibu naye. Mama mkubwa akawa anakunja na kumfundisha nyumba: koki ya maji inafungwa kwa kusukuma kwanza ndipo uizungushe, sukari isikae jirani na dawa ya mende, jirani akiazima ngazi, ifuate siku ileile. Baba mkubwa aliitikia, "Naam, bosi," kila baada ya jambo, mpaka Mama mkubwa akacheka, kicheko kirefu chenye mikwaruzo, akamsukuma begani. Upande wa pili wa ua nyundo zilikuwa zikigonga. Hakuna aliyezisikia.

Alipochoka, alinyamaza, akaingia jikoni. Masikio alichukua rekoda, akavaa hedifoni. Kitambaa kilikuwa kikichakacha, chuma kililia nyuma yake, mlango ulibamizwa mahali fulani. Na katikati, karibu kabisa, alikuwepo yeye. Studio wangeitupa kazi ile. Aliihifadhi mara mbili, hakugusa kitu.

Akamvisha Baba mkubwa hedifoni. Mzee alisikiliza amesimama, macho sakafuni. Ilipofika "Njoo uone," mkono wake ulishika ukingo wa meza. Akazivua taratibu.

"Ni yeye," alisema.

"Nikuwekee kwenye simu sasa hivi?"

"Jumatatu. Baada ya." Alipangusa hedifoni kwa kiganja kabla ya kuzirudisha, kama anavyopangusa kiatu cha mteja. "Leo mwenyewe yupo."

"Wewe mzee!" iliita sauti kutoka jikoni. "Hiki kifuniko nani amekikaza hivi?"

"Nakuja," alisema Baba mkubwa, naye alikuwa ameshafika nusu ya sebule.