Sauti ya Pili Kabatini

Mwanachuo aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akapandisha kopo juu ya vitabu viwili, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati la bibi yake. Hapo ndipo mikono yake yote miwili ilipoonekana kwenye kioo cha simu, na mwongozaji wa kwaya asiyeonekana mikono ni kichwa tu kinachotikisika. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Mtihani wa kuongoza kwaya, ambao bila kuufaulu hakuna anayeruhusiwa kufundisha muziki shuleni, haukufungwa. Wanakwaya walikuwa wanafunzi wenzake, kila mmoja kwao, kila mmoja kwenye kijidirisha chake.

Tatizo lilikuwa mtambo. Chuo kilinunua mtambo wa masomo ya mbali uliosifiwa kwa kuondoa makelele, na kwa akili ya mtambo huo kuongea ni sauti, kuimba ni makelele. Mtu akisema "shikamoo mwalimu" alisikika vizuri kabisa. Akianza kuimba, midomo ilicheza kimya kimya. Mkufunzi, ambaye ndiye angetoa alama, alilalamika mwanzoni, akazoea, mwishowe akaanza kusahihisha midomo.

Sauti zenyewe, kwa kuwa hazikuwa na pa kwenda, zilihamia chumbani kwa aliyeziongoza. Besi walikaa kwenye pipa la maji. Sauti ya kwanza walitanda darini, sauti ya tatu wakapenda dirishani. Sauti ya pili alikuwa mmoja tu, rafiki yake wa bwenini waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea, na sauti yake iliingia kabatini, katikati ya makoti ya bibi.

"Huyu wa kabatini ana adabu," bibi alisema huku akikunja nguo. "Hao wa dirishani waambie sauti imeshuka."

"Nimewaambia, bibi. Hawanisikii, wanaimba."

"Sasa wewe mwalimu gani?"

Walicheka wote wawili. Siku zile kicheko kilikuwa bado kinapatikana.

Tangu mwaka wa kwanza mkufunzi aliwafundisha sheria moja kwa ukali: mkono wa mwongozaji usipofungwa, hakuna kukata noti. Aliwahi kuwashikilia kwenye noti moja mpaka mmoja wao akazirai, na alipozinduka akaambiwa kwamba amewahi mno kunyamaza. Siku hiyo Chiriku ndiye aliyebaki wa mwisho, na alijigamba kwa hilo muhula mzima.

Basi kwenye zoezi la mwisho kabla ya mtihani, wamefika kwenye noti ya kumalizia, mikono ya mwanachuo iko juu, umeme ukakatika mtaa mzima na mtandao ukaenda nao. Mwanachuo akashusha mikono bila kuifunga, akatoka kuuliza majirani. Besi waliona mambo yamekwisha, wakaondoka. Wengine wakafuata. Chiriku alibaki ameshika noti.

"Akichoka atanyamaza," bibi alisema, akasukuma mlango wa kabati.

Hakunyamaza. Siku zilizofuata alikohoa mara moja moja, akarudi palepale kwenye noti. Kikohozi kikazidi. Kisha usiku mmoja kikaacha, noti ikabaki peke yake, safi kuliko awali, na kabla ya chai ya asubuhi ujumbe ukaingia kwenye kundi la darasa kwamba Chiriku amefariki na amezikwa na watu wachache waliovaa glavu.

Mwanachuo alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, akalia huku mbao zikimtetemesha mabega. Angeweza kufunga mkono saa ileile. Moyo ulikataa. Tena mtihani ulikuwa mbele yake, na wimbo wa sauti nne hauimbwi na sauti tatu. Aliona aibu kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Siku ya mtihani alipoinua mikono, Chiriku aliacha noti akaanza wimbo upya pamoja na wenzake, na hakukosea popote.

"Simamisha," mkufunzi alisema. "Sauti ya pili yuko wapi? Naona dirisha jeusi."

"Amefariki, mwalimu. Lakini anaimba. Yuko kabatini."

Mkufunzi alilitazama kabati. "Pole sana. Ila kanuni inataka midomo ionekane."

"Ukija utamsikia, mwalimu."

"Nikimsikia nitamwekea alama wapi? Siku hizi hakuna sehemu ya kusikia."

Mikono ikashuka. Wengine walinyamaza. Chiriku aliendelea peke yake hadi noti ya mwisho, akaishika.

Matokeo yalisema mwanachuo amefeli, arudie mwaka chuo kitakapofunguliwa, siku ambayo hakuna aliyeijua. Chiriku aliandikwa mtoro. Mwanachuo alipiga simu kuomba neno hilo liondolewe, na karani wa chuo akamweleza kwa upole kwamba ombi la namna hiyo huletwa na mtoro mwenyewe.

Kisha mama yake Chiriku akapiga. Alitumia simu ya marehemu, kupitia mtambo uleule wa chuo, kwa sababu ndiko alikoikuta sura ya rafiki wa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa yuko kwako."

"Yupo."

"Niwekee nimsikie."

Mwanachuo alifungua kabati, akaingiza simu katikati ya makoti. Noti ilikuwa imejaa humo mpaka henga za makoti zinagongana. Alisubiri, akairudisha simu sikioni.

"Sijasikia kitu," mama alisema.

Akaiingiza tena, ndani zaidi. Mtambo ulifanya kazi yake.

"Anapumzika saa ngapi?" mama aliuliza.

"Hapumziki, mama. Anangoja nifunge mkono."

"Na wewe unangoja nini?"

Mwanachuo aliiweka simu kitandani, akasimama mbele ya makoti kama alivyofundishwa, akainua mkono, akaufunga. Noti ilikatika bila kuburuta. Henga zikatulia. Jikoni bibi aliacha kukata vitunguu, kisha akaendelea.

Akaichukua simu. "Tayari, mama. Amenyamaza."

"Huku kwangu," mama alisema, "ni vilevile."