Vyura wa Novemba

Tangu Jumatatu Gunvor alikuwa akililinda tumbo la mumewe kama mtu aliyeachiwa kichanga cha jirani. Asubuhi kabla ya kahawa alilitegea sikio, jioni akalitegea tena, na kila likinguruma aliuliza, "Hiyo nini?"

"Ni tumbo tu, mama," Rune alijibu. "Linaongea hivyo tangu tuoane."

"Basi wiki hii lifunge mdomo."

Rune alikuwa dereva wa treni mstaafu, mpole, mwenye mashavu mekundu na sweta la bluu alilolivaa mpaka viwiko vikachungulia nje. Saratani ya tezi dume ilikuwa imempata zamani, ikachomwa kwa mionzi ya kawaida, ikatulia. Sasa ilikuwa imerudi, kivimbe kidogo cha ukubwa wa punje ya njegere. Mionzi ile ya zamani haikuweza kurudiwa, maana utumbo ulioko jirani ulikuwa umeshaunguzwa vya kutosha na usingevumilia tena. Kilichobaki kilikuwa majaribio yaliyofanyika hapo hapo mjini kwao Uppsala, kwenye jengo jipya nyuma ya hospitali. Mashine yao ilipiga mara moja tu, kwa kasi ambayo hata jicho haliwahi kupepesa, na madaktari walikuwa wamegundua kwamba ikipiga kwa kasi namna hiyo uvimbe unaumia lakini nyama nzima ya pembeni inapona, kama vile haijapata hata muda wa kujua imeguswa.

Ila kitu kinachopiga mara moja hakina nafasi ya kujisahihisha. Kibofu kilitakiwa kijae mkojo, ili kisukume matumbo yakae mbali. Na utumbo wa nyuma ulitakiwa uwe mtupu na mtulivu, kwa sababu upepo kidogo tu ukiwemo huko, tezi inasogea, na mashine inapiga pasipo na kitu.

Rune alikuwa amesharudishwa nyumbani mara mbili. Miadi yake ilikuwa Ijumaa, na kabla ya Ijumaa huja Alhamisi, na Alhamisi watu wote wa nchi ile hula supu ya njegere za njano. Wanaila shuleni, wanaila jeshini, na wastaafu wa reli wanaila kwenye chumba chao karibu na stesheni, kwa nyama ya nguruwe na haradali, kisha chapati za maji na jemu. Mara ya kwanza Rune alisema alisahau. Mara ya pili alisema Alhamisi ni Alhamisi. Daktari Ylva, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliwaambia bila kukasirika kwamba mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, nafasi itakwenda kwa mgonjwa anayefuata.

Njiani kurudi nyumbani siku ile Gunvor alitazama miti kupitia dirisha la basi, akawaza kitanda chao chenye mtu mmoja.

Kwa hiyo Alhamisi hii ya tatu alificha viatu vya Rune ndani ya oveni. Wenzake wa reli walipopiga simu kumwita, Gunvor ndiye aliyepokea.

"Hatoki," alisema. "Hana viatu."

Mchana akampikia samaki wa kuchemsha na wali mweupe. Rune alikula akitazama saa ya ukutani.

"Saa hizi wanaweka haradali," alinong'ona.

"Kula samaki wako."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kengele ya mlango ilipolia. Alikuwa Solveig, jirani wa ghorofa ya juu, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cha kutarizi. Alikuwa na machozi machoni hata kabla ya kuvua koti.

"Shoga yangu, nimeshindwa kukaa," alisema. "Kesho ni kesho. Nimewaokea, nimeoka zote saba."

Kwao mwanamke aliyelelewa vizuri akioka, huoka aina saba za vitafunio. Zikipungua, ni mchoyo. Zikizidi, anajidai. Na anayealikwa huonja kila aina, tena kwa mpangilio: kwanza maandazi laini, mwisho ile yenye mapambo. Ukiiruka moja, umemtukana mwokaji, na habari hiyo itakufuata mpaka kwenye kahawa ya mazishi yako.

Solveig akafunua kitambaa. Kulikuwa na maandazi ya iliki yaliyosokotwa, vileja vya siagi vyenye shimo la jemu katikati, biskuti za shayiri nyembamba kama jani, vijiti vya lozi, vipande vya keki ya nazi, biskuti za tangawizi zenye umbo la moyo, na juu kabisa maua madogo meupe ya ute wa yai yaliyoumuka, kila moja na lozi yake.

Gunvor alivaa miwani. Alikikata kileja kimoja akakinusa.

"Una maharage humu?"

"Maharage? Kwenye kileja?"

"Kabichi? Kitunguu?"

"Gunvor, umechoka wewe. Kaa chini."

Hakukuwa na kitu kibaya. Gunvor alikagua kila aina, akaridhika, akaweka kahawa jikoni. Rune akaonja zote saba. Kwa kuwa Solveig alikuwa akimtazama kwa macho yale ya machozi, akazirudia zote.

"Tamu sana," Rune alisema. "Nyepesi, yaani."

"Nimezitengeneza kwa namna ya pekee," Solveig alisema akijifuta pua. "Kwa ajili ya mgonjwa."

Gunvor alilisikia neno hilo, lakini wakati huo alikuwa akimimina maziwa.

Ijumaa asubuhi Rune alikunywa maji yake yote kama alivyoagizwa, wakaenda kukaa kwenye korido ya jengo jipya. Wazee wengine wenye zamu zao walikuwepo, wote wamejaza vibofu, na kati ya kila mtu na mwenzake kulikuwa na kiti kitupu, ili asije mtu akalazimika kumsalimia mtu. Hakuna aliyekohoa. Mwisho wa safu alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu mapajani. Jina lake Folke. Tuulikki, nesi Mfini mwenye mikono ya mtu wa kukata kuni, aliwaeleza kwa upole kwamba Folke ndiye wa akiba. Leo Rune akishindwa, Folke anaingia. Rune akifaulu, Folke anasubiri mpaka mashine ifungwe, itengenezwe, ifunguliwe tena majira ya kuchipua.

Folke aliinamisha kichwa kuomba radhi. Rune naye akainamisha chake.

Rune akaingia kupigwa picha. Alipotoka, Daktari Ylva alikuwa nyuma yake, na Gunvor alipomwona uso tu alijua.

"Kuna upepo," Daktari alisema. "Mwingi. Kama puto la sherehe."

"Haiwezekani!" Gunvor alisimama. "Amekula samaki! Amekula wali! Viatu vyake vililala kwenye oveni!"

"Hakula kitu kingine?"

"Biskuti za jirani. Lakini nimezikagua mwenyewe, zote saba."

Tuulikki akainua nyusi. "Mpigie simu huyo jirani."

Gunvor alipiga simu. Sauti ya Solveig ilisikika korido nzima.

"Nimeweka nini? Sikuweka sukari hata chembe, mpenzi! Nimetumia ile ya wenye kisukari, ya dukani. Nilitaka iwe salama! Mbona mimi mwenyewe tangu jana tumbo limenijaa kama ngoma? Nikadhani ni majonzi."

"Sukari hiyo ndiyo hujaza upepo," Tuulikki alisema. Gunvor akakata simu. Basi mkosaji ni yeye mwenyewe, Gunvor. Ameziba mlango wa mbele dhidi ya njegere, upepo ukaingia na sinia mkononi, naye akaukaribisha na kahawa juu.

"Mpaka mashine iwe tayari tuna muda kidogo," Daktari Ylva alisema. "Upepo ukitoka, tunaendelea. Lakini kibofu kibaki kimejaa. Asiende chooni."

"Yaani mlango mmoja ufunguke na mwingine ufungwe," Rune alisema kwa unyonge.

"Ndiyo hivyo. Mzee, itabidi ujambe," alisema Tuulikki.

Neno lile lilianguka katikati ya korido. Mzee mmoja akafunika uso kwa gazeti. Rune akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Hapa?" aliuliza. "Mbele za watu?"

"Nilidhani mko huku kutibiwa," Tuulikki alisema. "Tembea. Chuchumaa. Ruka."

Rune akatembea. Hakikutoka kitu. Akachuchumaa, goti likalia, lakini goti tu. Gunvor alimtazama mume wake anavyojikaza, mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akitoka nje kwenye baridi kwa jambo hilo dogo, akajua kwamba adabu yake ndiyo itakayomuua.

Akaweka mkoba chini. Akaweka vidole gumba masikioni, akatandaza mikono kama masikio makubwa, akaanza kuruka akiwa amechuchumaa.

Ilikuwa ngoma ya vyura, ile ambayo katikati ya kiangazi kila mtu, mtoto na mkongwe, huicheza kuzunguka mlingoti wa maua. Hakuna aliyewahi kuicheza Novemba, tena ndani ya hospitali.

"Gunvor!" Rune alinong'ona. "Si wakati wake!"

"Ruka, Rune."

"Watu wanatuangalia!"

"Ruka, nimekwambia! Nikuzike kwa sababu ya haya zako?"

Rune akaruka. Aliruka mara moja huku amebana mapaja, uso umekunjamana, maana kibofu nacho kilikuwa na maoni yake. Akaruka tena. Tuulikki akajiunga, sakafu ikatikisika. Kisha kiti kikasogea mwisho wa safu. Folke alikuwa amesimama. Alivaa kofia yake, akaweka vidole masikioni, akaja kwenye duara akiruka kwa vihatua vidogo vidogo, maana naye alikuwa amejaza kibofu.

"Wewe unafanya nini?" Rune alimuuliza akihema. "Nikifaulu unarudi nyumbani!"

"Najua," Folke alisema. "Lakini duara la vyura wawili na nesi halipendezi."

Wale wengine nao wakasimama, mmoja mmoja, gazeti likaanguka. Wazee wote wa korido wakaruka kumzunguka Rune, mapaja yamebanwa.

Kwenye mzunguko wa tatu Rune alisimama ghafla. Macho yakamtoka. Kikafuata kishindo kirefu, kilichoanza chini na kupanda, kikatulia, kikaanza upya, kama treni ya mizigo inayopita stesheni ambayo haisimami. Mlangoni Daktari Ylva alivua miwani kwa heshima.

Folke akapiga makofi.

"Picha, haraka!" akasema Daktari.

Mlango ukafungwa. Gunvor alishika sweta la bluu alilovua Rune, kidole kimepita kwenye tundu la kiwiko, akasubiri. Hakusikia hata mlio. Mlango ukafunguliwa tena na Daktari Ylva akatoka akitabasamu.

"Imepiga pale pale," alisema. "Uvimbe wote uko ndani ya alama, utumbo haukuguswa. Mengine tutayaona kwenye vipimo vya mwezi ujao, lakini leo sina la kulalamikia."

Gunvor alilia kidogo, kwenye kiwiko cha sweta. Hakupata nafasi ya kulia sana, kwa sababu Rune alitoka nyuma ya daktari akikimbia kwa visigino, na upande wa pili Folke naye alikuwa akikimbia hivyo hivyo. Wakakutana kwenye mlango wa choo. Kilikuwa kimoja tu.

"Tangulia," Rune alisema, miguu imepishana.

"Hapana, wewe ndiye uliyetibiwa. Tangulia wewe."

"Siwezi kabisa. Umeruka kwa ajili yangu."

"Nisingependa kukutangulia."

"Na mimi nisingependa."

Walisimama wakainamishiana vichwa, jasho likiwatoka, na kwa jinsi Gunvor alivyowajua watu wao, wangesimama hapo mpaka majira ya kuchipua. Akaja kwa hatua kubwa, akafungua mlango, akamsukuma Folke ndani kwa mikono miwili.

"Mama!" Rune alilia. "Na mimi je?"

"Wewe umeshapata chako leo," Gunvor alisema, akajiegemeza kwenye mlango. "Ruka."