Kaloli Hakaribishi Wageni

Mbambu aliona herufi kabla hajamwona ndege wake. KARIBU WAGENI. Nyekundu! Kubwa kama za dukani! Zimepita juu ya kichwa cha kaloli, kwenye kitambaa chake pale ukutani, kama kamba ya kuanikia nguo. Na kule chini miguuni, maua. Maua, jamani. Ya manjano.

Alisimama palepale mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho Kasese, vumbi la barabara ya Bwera bado liko kwenye nyusi, na hasira ikamshika.

Sikia ujue kwa nini. Mwaka huo, sitini na saba, wanawake wa kikundi chao kule Bwera walikuwa wanadarizi njiwa wawili wanabusiana, mioyo, vikapu vya maua. Mbambu peke yake alikuwa anaenda nyuma ya machinjio, anakaa juu ya jiwe, anamwangalia kaloli, yule ndege mrefu mwenye upara anayengoja utumbo kama mlevi anayengoja baa ifunguliwe. Miezi minane! Alifumua sweta mbili za mume wake apate kijivu cha mabawa. Akadarizi ule mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni. Na miguu akaishona nyeupe-nyeupe, chafu, maana kaloli hujinyea miguu, kila mtu anajua. Alitaka kitu kimoja tu: mtu aangalie kitambaa aseme, huyu ni yeye.

Wiki iliyopita Feresita, mkubwa wa kikundi na tena dada ya mume wake, alikuja kukichukua. "Naenda kukipiga pasi, mulamu," akasema, yaani wifi yangu. Pasi!

Sasa huyo hapo karibu na meza, gauni jipya la gomesi, anatabasamu.

"Mulamu, umeona nimekusaidia?"

"Nani alikuambia unisaidie?"

"Eh! Punguza sauti, watu beko hapa. Kitambaa bila maandishi ni kitambaa gani? Mugeni anaingia kwako, ndege inamuangalia tu, haimuambii kitu?"

"Kaloli haisemi! Kaloli haikaribishi mutu!"

"Ndiyo maana nikaisemea. Na ile mavi ya miguu, Mbambu, kweli? Mavi sebuleni? Padri akija?"

Mtu hamtukani dada ya mume wake. Mbambu alimeza tusi.

Hapo akafika Madam Nabirye, mke wa bwana mmoja wa mgodi wa shaba, ndiye aliyekuwa anapima kazi zote. Njiwa aliwapita mbio, alikuwa ameshaona arobaini. Kwa kaloli akasimama.

"Hii ni ya nani?"

Feresita akamsukuma Mbambu mgongoni.

"Namba moja," Madam akasema. "Ndege yenyewe inanitisha kidogo, lakini haya maneno! Na maua! Mama huyu anajua kupokea watu."

Akafungua sanduku la zawadi. Mungu wangu! Nyuzi za hariri, rangi sitini, zimelala kwa mistari. Kulikuwa na kijani ambacho Mbambu alikuwa amekiona tu shingoni mwa chozi, kale kandege kanakonyonya maua. Mikono yake ilienda yenyewe. Ikafika katikati, ikasimama.

"Lakini Madam, kama ingekuwa ndege peke yake?"

Madam alicheka. "Peke yake? Hapana, mama. Nani ataweka kaloli ukutani?"

Basi. Mbambu akavuta kiti, akapanda, akatoa wembe wake wa kukatia nyuzi, akakata K.

"Mulamu! Umerogwa?"

Akakata A. Akakata R. Uzi mwekundu ukamwangukia Madam kichwani.

"Ukiharibu hiyo sitoi zawadi!"

"Usitoe!"

"Mbambu! Mimi dada ya mume wako nakuambia shuka!"

"Nakuheshimu, mulamu! Ninakupikia, na nikishuka hapa nitakupigia magoti. Lakini ndege hii hukuizaa wewe!"

Sanduku likafungwa, pap, likapelekwa kwa mwenye njiwa. Mbambu aliliona likienda, macho yakamwasha, wembe haukusimama. Ukumbi umejaa, wengine wanacheka, mmoja anasema polisi aitwe. Kiti kinayumba. Herufi zikaisha, akaingia kwenye maua. Ua la kwanza, ua la pili, na miguu ikaanza kutokea, nyeupe, chafu.

Kelele zilimvuta Baker, mchinjaji wa sokoni, akajipenyeza na aproni yake ya damu. Akaangalia ukutani. Uso ukabadilika.

"Mwizi huyu!"

Watu wote wakamgeukia Mbambu.

"Si mama! Huyu ndege! Huyu ndiye alikula mapafu yangu juzi, mapafu mazima ya ng'ombe, halafu akasimama akaniangalia hivihivi! Ona macho yake! Mushenzi!" Akakikunjia kitambaa ngumi.

Mbambu akamwangalia kutoka juu ya kiti. Miezi minane, na huyu ndiye wa kwanza kumtambua ndege wake. Unafikiri hasira ilishuka? Ilipanda!

"Ulikuwa wapi wakati Madam anasifu maua?"

"Nilikuwa kazini, mama."

"Basi njoo unishikie kiti. Bado maua manne."