Mwamuzi Asiyebisha

Miaka nenda miaka rudi, Vibeke, mwalimu wa filamu, hakuweza kumvumilia Ejvind, na wala hakuficha. Kila mtihani wa mwisho Ejvind alikuja kwa treni kutoka shule nyingine kuwa mwamuzi wa pili. Mwanafunzi akishaonyesha kazi yake anatoka nje, mlango unafungwa, na waamuzi wanavutana mpaka wapate alama moja, ya juu kabisa ikiwa kumi na mbili. Na Ejvind alikuwa mbishi wa kuzaliwa! Vibeke akisema saba, yeye nne. Akisema nne, yeye kumi, huku makombo ya keki yakimdondoka mdomoni.

Mwaka huu Ejvind alistaafu, na Torkild, mkuu wa shule, akaweka mahali pake mashine. Kisanduku cheupe, sauti laini kama ya mwuguzi. Kilishatazama filamu zote za wanafunzi kabla kahawa haijachemka. Mada ilikuwa darasa la mwaka 2050.

"Ni majaribio tu," Torkild alisema. "Tunataka kuona mnakubaliana kiasi gani."

Asubuhi nzima ikawa raha mustarehe. Vibeke anataja alama, kisanduku kinasema, "Nakubaliana nawe, Vibeke. Hoja yako ina uzito." Hakuna kelele, hakuna makombo. Alijiona mwalimu bora kuliko alivyowahi kudhani.

Wa mwisho alikuwa Sidsel, binti mwenye mdomo, aliyehitaji saba ili apate nafasi kwenye chuo cha filamu. Bibi yake alikuwa ukumbini na bendera ndogo ya kumpongeza na keki ya stroberi, anasubiri.

Filamu yenyewe ilionyesha kiti cha mwalimu, kitupu, kimevikwa sweta ya kijani. Ya Vibeke! Juu ya sweta, kisanduku. Mtoto mmoja anasema mbili na mbili ni tisa. "Jibu zuri sana!" Mwingine anatambaa chini ya meza, anabweka. "Jibu zuri sana!" Basi, mwisho.

Damu ilimchemka Vibeke. Mfidhuli mkubwa huyu mtoto, sweta yangu! Sidsel alipotoka tu, akasema, "Mbili." Hiyo ni ya kuponea chupuchupu, na chuo cha filamu kwaheri.

"Nakubaliana nawe, Vibeke. Hoja yako ina uzito."

Mkono wake ulishashika kitasa ili amwite Sidsel ndani. Akausimamisha. Hoja ipi? Hakuwa ametoa hoja yoyote, alikuwa na hasira tu.

"Au tumpe kumi na mbili?" akauliza polepole.

"Nakubaliana nawe, Vibeke. Hoja yako ina uzito."

Akaketi. Kumbe mtoto hakumcheka yeye, alikicheka kisanduku kilichokalia kiti chake! Aibu ikamshika, na aibu nayo si kipimo cha alama. Akamtumia Ejvind filamu ile, kisha akampigia simu. Alimkuta kwenye bustani yake, anapalilia viazi, filamu ameshaitazama.

"Mimi nasema mbili," Vibeke akamchokoza.

"Mbili? Una wazimu, bibie? Hiyo ni kumi na mbili!"

"Kumi na mbili gani, na upepo wa dirishani umemeza nusu ya maneno? Husikii?"

"Nasikia kuliko wewe! Yule anayebweka, umeona kamera ilivyoshuka naye chini ya meza?"

"Nimeona, bwana wee, sijapofuka! Lakini mwisho umekatika ghafla."

Walibishana mpaka bibi wa Sidsel kule ukumbini akaacha kupeperusha bendera. Mwisho wakatua kwenye kumi, wote wawili wakihema, na Vibeke akajisikia mzima kwa mara ya kwanza siku ile. Akaitaja kumi kwa sauti. Kisanduku kikakubali.

Sidsel aliposikia alilia kama mtoto mchanga, bibi akamlisha keki palepale. Ndipo Torkild akaingia na simu mkononi, uso unang'aa.

"Mmekubaliana asilimia mia! Mwakani sioni haja ya waamuzi wawili. Wala mmoja."

"Torkild, hiki kitu kinakubali kila upuuzi!"

"Kinakubaliana na wewe, Vibeke. Unajiita mpuuzi?"

 Vibeke akakigeukia kisanduku, akainama mpaka pua ikakaribia kukigusa, akabweka. "Bwe! Bwe!"

"Nakubaliana nawe, Vibeke. Hoja yako ina uzito."

Torkild akaandika hilo kwenye simu yake, ameridhika kabisa. "Umeona? Hata hapo."