Saba Kati ya Kumi

Mwalimu alijaza karatasi ya maoni siku ya tatu ya safari, baada ya kifungua kinywa, na aliijaza kama alivyosahihisha karatasi zote za maisha yake: polepole, miwani kwenye ncha ya pua, mkono wa kushoto ukikinga maandishi asije jirani akachungulia. Jirani mwenyewe alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye alikwisha kujaza ya kwake kwa kuandika kumi kila mstari, hata ule wa bwawa la kuogelea, wakati meli ile haikuwa na bwawa.

"Dada, hiyo ni karatasi ya meli. Si mtihani wa taifa."

"Kila karatasi yenye alama ni mtihani," Mwalimu alijibu bila kuinua kichwa.

Ilikuwa meli ndogo ya matembezi, yenye vyumba arobaini na viwili tu, na safari ya siku sita ilikuwa zawadi ya watoto wao, Mwalimu alipostaafu. Wao walipewa chumba namba kumi na saba: vitanda viwili vyembamba kama rafu, dirisha la mviringo linalotoka jasho asubuhi, choo kinachokoroma kila ukivuta maji, na kabati ambalo mlango wake ulifunguka wenyewe kila meli ilipoinama, utadhani kuna mtu ndani anayetaka kutoka.

Kwenye mstari wa "Chumba na huduma yake", Mwalimu aliandika saba. Chini yake akaongeza, kwa ile hati yake iliyonyooka: Mlango wa kabati haufungi. Chai ya asubuhi haina moto. Mhudumu hugonga mapema mno.

Saba. Katika miaka thelathini na mmoja ya kufundisha insha, hakuna mtoto aliyewahi kupata kumi kwake, na waliopata nane walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyepata saba alikimbia nyumbani na daftari mkononi bila kuwasubiri wenzake. Kwa hiyo alipoitumbukiza karatasi kwenye kisanduku cha mapokezi, Mwalimu alijiona amemtendea wema mhudumu wao, tena wema mkubwa.

Mhudumu huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mwenye hatua nyepesi na mikono isiyotulia. Mdogo mtu alimbandika jina la Mapema siku ya kwanza tu, kwa sababu alibisha hodi kabla hata jua halijaamua kama litatoka, na mwenyewe akalipokea kwa kicheko. Ni yeye aliyekunja kipande cha karatasi ngumu akakibana kwenye mlango wa kabati ili usiwapige usingizini. Ni yeye aliyegundua kwamba Mwalimu analala kwa mto mmoja, akauondoa wa pili bila kuambiwa.

Siku hiyo Mapema alikuja kusafisha chumba saa nne, kama kawaida. Saa tano akarudi, akafuta kioo ambacho kilikuwa kimeshafutwa. Saa saba akarudi tena na taulo mpya, ingawa za zamani zilikuwa bado kavu. Hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo pembeni, na alitandika upya kitanda alichokwisha kukitandika.

"Umeugua, mwanangu?"

"Hapana, mama. Niko salama." Akasita mlangoni. "Mama, kuna kitu chochote mngependa nikifanye tofauti? Chochote tu. Hata kidogo."

"Hakuna. Tumeridhika."

Mapema alimtazama kama mtu aliyeambiwa mambo mawili yasiyopatana, akainamisha kichwa, akaenda zake na kitoroli chake.

Mwalimu alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda. Alijaribu kusoma kitabu, akajikuta amesoma ukurasa mmoja mara tatu. Kitu fulani kilikuwa hakijakaa sawa, na hakujua ni nini.

Alikijua saa tisa kasoro robo, mdogo wake aliporudi kutoka chumba cha chakula akihema.

"Dada, umeandika nini kwenye ile karatasi?"

"Nimeandika nilichokiona. Kwa nini?"

"Sema namba."

"Saba."

Mdogo mtu alijitupa kitandani, akajishika kichwa. "Nilijua. Nilijua tu. Yule baba anayetugawia supu ameniambia wote wako roho juu huko chini. Kwenye meli hii chochote chini ya tisa ni alama nyekundu. Nyekundu tatu kwa msimu, mhudumu anashushwa bandari inayofuata na mabegi yake. Na Mapema alikuwa na mbili."

"Mbili za nini?"

"Moja alipewa na abiria aliyesema injini inapiga kelele. Nyingine ya bwana mmoja aliyenyeshewa na mvua siku zote sita. Sasa ya tatu umeitoa wewe."

"Saba ni alama nzuri," Mwalimu alisema, lakini sauti yake ilimtoka nyembamba.

"Kwako wewe. Umesahau kadi zangu za harusi? Nilikuletea uzione ufurahi, ukanirudishia umezisahihisha, na juu umeandika sita." Mdogo mtu hakuwa anacheka. "Wana kikao saa kumi. Kesho asubuhi tunatia nanga. Baba wa supu anasema ukishushwa hivyo hakuna meli nyingine inayokugusa. Ana watoto wawili, dada. Anakaa nao bibi yao."

Mwalimu aliinuka. Alitafuta viatu vyake akavivaa, cha kulia mguu wa kushoto, akavua akavaa tena.

"Nakuja nawe," mdogo wake alisema.

"Kaa hapa. Ukija utawaambia habari za kadi za harusi."

Mapokezini alikuta kisanduku kikiwa wazi na kitupu. Dada wa mapokezi, mwenye tabasamu la kudumu, alimwambia karatasi zilichukuliwa tangu asubuhi. Kama ana shida amwone mkuu wa huduma, ghorofa ya chini, mlango wa nne baada ya chumba cha kufulia. Mwalimu alishuka ngazi akishikilia bomba kwa mikono yote miwili. Chini, korido zote zilifanana: rangi ileile ya maziwa, taa zilezile, harufu ya sabuni na mafuta ya injini. Alihesabu milango minne akaingia kwenye stoo ya ndoo. Akarudi, akahesabu upya. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini na tano.

Mkuu wa huduma alikuwa mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Ofisi yake haikuzidi kabati kwa ukubwa. Nyuma yake kulikuwa na ubao wenye orodha ya vyeo na vyumba, na mbele ya kila mstari miraba ya kijani na nyekundu. Mwalimu aliutafuta mstari wa vyumba kumi na tano hadi ishirini kabla hata hajaketi. Miraba mitatu myekundu. Wa tatu wino wake ulikuwa bado unang'aa.

"Karibu, mama. Chumba namba ngapi?"

"Kumi na saba. Nimekuja kwa ajili ya saba yangu."

"Ahaa." Alitoa karatasi kwenye jalada bila kuitafuta. "Hati nzuri sana hii. Adimu siku hizi."

"Nataka kuibadilisha."

"Haibadilishwi, mama. Abiria wakiruhusiwa kubadilisha, wahudumu watawafuata vyumbani kuwalilia, na hapo hatutakuwa tena na maoni, tutakuwa na huruma. Kanuni inaruhusu jambo moja tu: abiria aseme alikosea, aeleze alikosea wapi, na atie saini." Alimtazama kwa upole wa mtu aliyechoka. "Ulikosea?"

Lilikuwa swali dogo, na jibu lake lilikuwa neno moja. Mwalimu alifungua kinywa, neno likagoma. Alimkumbuka baba mmoja aliyewahi kumfuata ofisini, kofia mkononi, akimwomba amwongezee binti yake alama mbili tu, mwalimu, mbili tu. Alimtoa nje kwa adabu na alilala usingizi mzuri. Sasa yeye ndiye aliyekuwa upande ule wa meza, anatoka kijasho chembamba, na hakuwa na kofia ya kushika.

Angesema uongo, angeokoa mtu. Lakini mbele yake kulikuwa na mtu ambaye angeuliza: wapi?

"Naomba niione," alisema.

Aliiweka karatasi magotini, akashusha miwani. Aliisoma kama kazi ya mtu mwingine, mwanafunzi asiyemjua. Mlango wa kabati. Chai. Kugonga mapema. Akairudia. Uso ukaanza kumwaka moto, kuanzia shingoni.

"Huu mstari," aliuliza taratibu, "alama zake zinakwenda kwa nani?"

"Kwa mhudumu wa chumba. Jina lake ndilo liko hapo."

"Zote?"

"Zote."

"Basi nimekosea." Alishangaa kusikia jinsi neno lilivyotoka. "Nimewasahihisha watu watatu kwa jina la mmoja. Mlango hakuutengeneza yeye. Chai hakuichemsha yeye. Mtoto akiniletea insha kwenye daftari lililochanika, simkati alama kwa kuchanika. Hapa nimemkata."

Mkuu wa huduma aliegemea kiti. "Nakuelewa, mama. Lakini alama hizo mbili haziwezi kupotea hewani. Nikizitoa kwake, niandike ni za nani. Fundi wa meli ana jina. Anayejaza chupa za chai ana jina, na yeye pia ana nyekundu mbili."

Chumba kilionekana kupungua zaidi. Mwalimu aliwaona watu wawili asiowajua wakishuka ngazi na mabegi. Alikuwa amekuja kumtoa mmoja shimoni, na sasa alikuwa anachagua wa kumsukumia humo.

"Fundi anaujua mlango ule?"

"Anaujua. Ameomba bawaba mpya tangu msimu uliopita."

"Ameziomba kwa nani?"

Mkuu wa huduma alinyoosha kola iliyokuwa imenyooka. "Kwangu."

"Na wewe?"

"Mimi nimeandikia kampuni. Mara nne."

"Na chupa za chai?"

"Hazishiki joto, ni za zamani. Hizo nazo nimeandikia."

"Basi alama mbili ni za kampuni."

"Kampuni haina mstari kwenye karatasi hii, mama."

"Utakuwepo." Mwalimu alivuta jalada moja lililokuwa mezani bila kuomba ruhusa, akauegemeza ukingo wake kwenye karatasi kama rula, na kuchora mstari chini ya mistari yote. Kalamu iliyumba kwa wimbi dogo, mstari ukapinda mwishoni. Angekuwa mwanafunzi, angemrudisha aurudie. Juu yake aliandika: Kampuni, bawaba na chupa. Akakata mbili. Kisha akaandika pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote alizowahi kuandika, nilikosea, na kutia saini.

Mkuu wa huduma aliisoma karatasi hadi kwenye saini. Ukutani saa ilikuwa tisa na dakika arobaini na tano.

"Hii nikiipeleka makao makuu watadhani nimeiandika mimi."

"Hati yako ni mbaya kuliko yangu. Watajua."

Alitoa mguno uliokaribia kuwa kicheko. "Na hii moja iliyobaki? Ya kugonga mapema? Tuiondoe pia, awe na kumi, tumalize?"

Mwalimu alifikiri. Ilikuwa inamjia kinywani, kumi, neno tamu. Alifikiria dirisha likiwa bado jeusi na ule mlio wa vidole mlangoni, na mdogo wake akivuta shuka kichwani huku akilaani.

"Hiyo ni ya kwake," alisema. "Ibaki."

"Tisa, basi." Alichukua kitambaa chenye maji, akafuta mraba wa tatu. Ubaoni palibaki waa la waridi. Hakulipaka kijani papo hapo. Alikwenda kutafuta kalamu kwenye droo, na Mwalimu akasimama pale hadi kalamu ikapatikana, ikaandika, ikafunikwa.

"Usimwambie lolote kabla ya kikao," mkuu wa huduma alisema akifungua mlango. "Nyekundu na kijani husomwa mbele ya wote. Ndiyo kanuni."

"Sitamwambia."

Alipanda ngazi. Alikuwa nusu ya korido ya juu alipomwona Mapema akija upande wa pili, sare imebadilishwa, nywele zimefungwa upya, mikono mitupu. Alitembea kama anayeitwa kwenye wodi kupokea majibu. Korido ilikuwa nyembamba. Wawili hawapishani bila mmoja kujibana. Kanuni ya meli ilikuwa abiria apite kwanza, kwa hiyo Mapema alijibana ukutani, mgongo bapa, akatazama chini.

Mwalimu naye akajibana ukuta wa pili.

Walibaki hivyo, wakitazamana vifua, meli ikiwainamisha wote upande mmoja, kisha wote upande mwingine. Maneno yalimjaa Mwalimu kinywani hadi yakamuuma, akayameza.

"Pita, mama," Mapema alisema kwa sauti ya chini. "Siruhusiwi kutangulia."

"Pita wewe, mwanangu. Mimi sina kikao."

Mapema aliinua macho. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akitafuta kitu. Mwalimu, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja aliwafundisha watoto kutoonyesha majibu, hakujua uso wake ulikuwa unasema nini. Alijua tu kwamba hakuweza kuuzuia.

Mapema akapita.